Sensa ya Kisima cha Kakesio

Waya niliuchagua mwenyewe dukani Karatu, na siku hiyo nilikuwa mkali. Muuzaji alinisifia ule mwembamba wa bei nafuu. Nikamwambia akafungie mbuzi. Maji ya chini huku yana magadi. Yanatafuna ganda la waya kimyakimya, mpaka sensa, kile kifaa cha kupima kina cha maji shimoni, inaanza kutoa namba za kubuni. Njia ya mwongo ni fupi. Nikachukua waya wa ganda nene wenye nyuzi za chuma, na sensa isiyoshika kutu, nikavitumbukiza kwenye kisima kirefu cha Kakesio. Maji yakipungua mno, sensa inazima pampu isiungue, na namba zake nazisoma kwenye simu yangu.

Mfugaji anayeishi jirani na kisima alinipa ng'ombe mwaka ule. Kwa Wamasai, aliyetoa ng'ombe na aliyepewa hawaitani tena majina. Wote wawili ni Pakiteng'. Kila Jumapili nikitoka kanisani alinipigia simu, aulize kisima kinasemaje.

Kisha mvua zikatudanganya, msimu baada ya msimu. Namba zikashuka hadi sifuri, pampu ikazimika. Majirani zake wakaswaga mifugo kwenda mbali. Yeye akabaki. Alisema huenda maji yapo, ila waya umechoka, nije niuangalie kwanza. Njia nzima niliomba nikute umeliwa. Mimi huyu, niliyegombana na watu ili usiliwe.

Tuliuvuta pamoja. Ulitoka mkavu, mzima, hauna hata mkwaruzo. Nikachovya sensa kwenye ndoo ya maji niliyotoka nayo Karatu. Namba ikapanda, ikatulia palepale ilipotakiwa. Nikaitoa, ikarudi sifuri. Nikarudia tena kwa ukaidi tu. Sijawahi kuchukia kifaa kizima namna ile.

"Kwa hiyo haikudanganya," alisema.

"Haikudanganya, Pakiteng'."

Alitazama ng'ombe wake kando ya birika tupu la kunyweshea, na ndama mmoja aliyeshindwa kusimama. Akasema kesho ataondoka na wale wanaoweza kutembea. Nikaanza kukunja waya. Ungedumu shimoni miaka mingi tu.

"Pakiteng'," akaniita, "hayo maji ya kwenye ndoo, kazi yake imekwisha?"

Nikamwambia imekwisha. Akaibeba ndoo kwa mikono miwili, akampelekea ndama.