Gari Lisilo na Sauti

Mimi ni mwoga. Nasema mapema, msije mkaniuliza baadaye. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa namba ya simu nisiyoijua. Mume wangu Onchiri alikuwa akinicheka: "Mama Vinny, wewe ukikosa kitu cha kuogopa utaogopa uji." Haya, acheke. Mwaka huu nilikuwa na cha kuogopa, na kilikuwa ndani ya simu yake.

Sisi ni Wakisii, lakini Sosiot, huku kwa Wakipsigis, ndiko kwetu. Baba yangu alikuja kuchuma chai, mimi nikazaliwa kwenye nyumba za kambi, nikaolewa na Onchiri, fundi wa stima katika kiwanda cha majani chai. Mtu mpole, mkono mwepesi, kichwa kigumu ajabu. Kampuni ilipoleta mashine za kuchuma na kupunguza watu, alirudi nyumbani na sanduku la spana na kifua kibovu. Moshi wa petroli ukimfikia anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Daktari akamwambia akae mbali na moshi. Wewe ungesikia hivyo ungenunua sweta. Onchiri alinunua bando la intaneti.

"Gari la stima," akaniambia. "Halina moshi, halina kelele. Nitalichaji hapa hapa nyumbani, nitabeba watu wa soko na wagonjwa. Kazi nimepata, Mama Vinny."

Gari jipya hatungeliweza hata kwa ndoto, kwa hivyo akaanza kutafuta la mkono wa pili mtandaoni. Nyinyi mnaosema mtandao umerahisisha maisha, njooni mkae na mwanaume anayetafuta gari. Yule wa kwanza alituma picha nzuri, gari jeupe linang'aa. Onchiri akazikuza picha, akaona nyuma yake miti ya minazi. "Kaka, si ulisema uko Kedowa, huku kwenye baridi?" Akafungiwa. Wa pili alitaka atumiwe kitu kidogo kwanza, ati cha kulishikilia gari lisichukuliwe na watu wengine. Wa tatu alikuwa na gari kweli, kule Merigi, lakini maandishi yote ya dashibodi yalikuwa ya Kijapani, na kila picha ilikatwa pale pale palipo na vile vijiti vinavyoonyesha betri imechoka kiasi gani. Onchiri anauliza, "Betri imebaki na vijiti vingapi?" Anajibiwa, "Gari iko sawa, boss." Anauliza tena. "Boss, gari iko sawa." Alipofika huko akakuta gari lenyewe linavutwa kwa kamba.

Halafu simu zikaanza kunifuata mimi. Sijui namba yangu waliipata wapi, nafikiri aliiandika mahali. Asubuhi mtu wa bandarini, mchana mtu wa bima, jioni mwanamke mwenye sauti ya sukari anayeniita "mpenzi mteja". Nikaacha kushika namba ngeni kabisa.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini sokoni ikaja habari ya mwalimu mmoja aliyeitwa kuangalia pikipiki ya mtandaoni. Wakamwambia apande gari wampeleke iliko. Alipatikana kwenye msitu wa mikaratusi, amefungwa mikono, hajui jina lake. Tangu siku hiyo usingizi wangu ulikwisha. Nililala nikimshika Onchiri shati.

Kwa hivyo alipopata tangazo jingine, la kijana anayeitwa Kipchirchir, mbele kidogo ya Litein, nilisimama mlangoni nikamzuia.

"Baba Vinny, apa."

"Niape nini tena?"

"Hutaingia gari la mtu usiyemjua. Hata waseme mvua inanyesha moto. Hata waseme wanakupeleka kwa Yesu. Huingii mpaka mimi niwepo. Apa kwa kaburi la mama yako."

Aliniangalia, akaona sichezi. Akaapa. Aliinua mkono kabisa, yule mjinga wangu, kama yuko kortini.

Akaenda na boda. Akanipigia alipofika Litein, simu ikakatika katikati ya neno. Nilijua ni betri. Ile simu yake ilikuwa mgonjwa kuliko yeye mwenyewe. Nikapika, chakula kikaungua. Nikafua nguo zilizokuwa safi. Kisha simu yangu ikalia: namba ngeni. Nikaiangalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Haki ya Mungu, niliiweka chini ya mto. Ilipotulia nikaitoa, nikakuta ujumbe wa sauti.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, Mkipsigis, kuku wakilia nyuma yake na watu wakiongea kwa mbali. Alianza na salamu ya kwao: "Mama, chamgei. Mzee alifiga. Tumepiga. Ni damu sana. Anagataa kuenda mpaga wewe ukuje. Gujeni haraga."

Nilitambaa mpaka kwa jirani yangu Chelangat, tunayegawana naye ukuta na chumvi tangu Vinny akiwa mgongoni. Nikamwekea simu sikioni. "Wamempiga," nikasema. "Chelangat, wamempiga, wanasema damu."

Chelangat akasikiliza. Akasikiliza tena. Halafu akaanza kucheka, akashika ubavu, akakaa kwenye ndoo.

"Weh! Mama Vinny! Miaka yote hii kwetu na bado hujui kusikia? Huyu anaongea kama kogo wangu mtupu, yaani nyanya wa nyumbani. Sikiza. Mzee alifika. Tumepika. Ni tamu sana. Anakataa kuenda mpaka wewe ukuje. Mzee wako ameshiba maziwa ya mursik, hataki kurudi!"

Nikaisikiliza tena, na kweli, maneno yakageuka masikioni mwangu. Si ndivyo wanavyoongea? Si mimi mwenyewe humtania Chelangat kila siku, yeye akisema "gugu" badala ya kuku, naye ananijibu kwamba nikisema nimekula, kwa ile r yangu ya Kikisii, anadhani nimepiga kura? K na g kwao ni ndugu, t na d ni ndugu.

"Mbona sauti inatetemeka?" nikauliza.

"Ni mzee, na anaongea na kidude."

Nikacheka. Nawaambia nilicheka mpaka nikalia, kwa sababu hofu ikikutoka ghafla hivyo haichagui mlango. Nikashika simu nikamjibu yule kogo kwa furaha yote niliyokuwa nayo: "Asanteni sana, mama! Tunakuja! Msimalize, mtuwekee!"

Nikaoga. Nikavaa lile gauni la kanisani. Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, kwa hivyo tulipitia dukani tukanunua mkate na sukari, na Chelangat akasema majani chai hapana, utapelekaje majani chai kwa watu wa majani chai. Simu ikalia tena ndani ya mkoba. "Wacha," Chelangat akasema, "wanataka kujua kama waongeze ugali." Tukasimamisha boda. Njia yote mashamba yalikuwa kijani, jua zuri, na mimi nikawaza kwamba pengine Mungu ameniponya uoga.

Tulipofika kwenye lango sikusikia harufu ya chakula. Watu walikuwa wamesimama, wanaume wengi, kofia mkononi. Wakanipisha. Gari la stima lilikuwa limeegemea ukuta wa mawe unaoshikilia tangi la maji, dogo, la buluu, zuri kweli. Nyasi mbele yake zilikuwa nyekundu.

Onchiri alikuwa ameketi chini, amekumbatia nguzo ya lango la ng'ombe kwa mikono miwili. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa leso chini ya goti, na leso ilikuwa imelowa. Uso wake ulikuwa rangi ya jivu. Alikuwa ameinama mbele ya gari kuangalia tundu la kuchajia, na Kipchirchir yuko ndani, haisikii injini, akadhani gari limezimwa. Akakanyaga. Gari halikunguruma hata kidogo. Liliruka tu, likambana mguu ukutani.

"Umekuja," Onchiri akaniambia. "Sikuingia. Walileta gari wanipeleke hospitali, nikawaambia mpaka uje. Niliapa, Mama Vinny."

Watu wakaanza kuongea wote pamoja. Walijaribu kumbeba, akapiga kelele kwamba wanataka kumuua, akang'ang'ania nguzo mpaka wakaogopa damu itazidi. Kipchirchir alikuwa kando, analia kwa sauti. Kogo wa ule ujumbe akanijia, mzee mdogo wa mwili mwenye mikono inayotetemeka kweli, si kwa sababu ya simu. Hakunisalimu.

"Tulipiga namba aliyotupa mzee, hukushika. Nilisema damu," akaniambia. "Nikapata sauti yako. 'Msimalize, mtuwekee.' Nikajiuliza, huyu ni mke wa namna gani?"

Mkate ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikapiga magoti, nikavifungua vidole vya mume wangu kimoja kimoja kutoka kwenye nguzo, nikamwambia twende, nipo, ingia.

Aliishi. Nianze na hilo, maana kila siku namshukuru Mungu kwa hilo. Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari kijana alisema ulikaa umefungwa muda mrefu mno bila damu, kwamba angeletwa mapema wangeuokoa. Akaniuliza, "Kwani mlikuwa wapi?" Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani.

Chelangat alikaa wiki kadhaa bila kuvuka ukuta. Sikumwita. Nilikuwa na hasira, na nilijua hasira hiyo si yake peke yake. Neno lake na kiapo changu vilienda pamoja. Halafu juzi akaja na kibuyu cha mursik. Onchiri alikuwa kibarazani, magongo kando, simu mkononi, anaangalia magari. Ndiyo, bado. Sina nguvu ya kumkataza.

Chelangat akammiminia, akanimiminia na mimi. Mimi siku hizi naogopa kitu kipya: naogopa kimya. Nikanywa kidogo.

"Iko namna gani?" nikamuuliza, ili kuwe na neno.

Akafungua mdomo, akaufunga. Nikaona anaweka ulimi nyuma ya meno, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa kiboko.

"Ni ta," akasema. "Ta. Ni tamu, Mama Vinny."

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Nikachukua kikombe chake nikamwongezea.