Mtangazaji wa Magitaa

Mtangazaji huyo alikuwepo tangu redio ya muziki wa roki ilipoanza pale Mirongo, chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isivuje. Majirani walisema ni kelele za mashetani, haitamaliza mwaka. Sasa ni mwaka wa tisa, na bado anapanda ngazi na viatu vilivyolika visigino upande mmoja, vidole vikipiga gitaa lisilokuwepo kwenye mshono wa suruali. Kila mchana humwamkia Kokuberwa, muuza chai wa mlangoni, kwa sauti ya chini kuliko ile ya redioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Punguza hayo makelele yako."

"Nikipunguza utasinzia, uunguze maandazi."

Hata aombwe na nani, wimbo mmoja haupigi mara mbili kwa siku. Jumanne upepo ulichafua ziwa, na Gladness, binti wa Kokuberwa, alikuwa kwenye meli ya kwenda kisiwani, Nansio, simu haipatikani. Mama alimweleza mtangazaji yote, hata kitenge cha njano alichovaa mtoto. Jioni redioni wimbo mmoja ukapigwa mara mbili mfululizo, ukaanza tena. Kokuberwa akaacha birika, akapanda. Alimkuta kwenye korido, simu sikioni, shingo imelowa jasho, akimuuliza mtu wa gatini Nansio, "Wa kitenge cha njano je? Angalia vizuri." Akasikiliza, kisha akageuka.

"Ameshuka, mama. Anatafuta pikipiki."

Kokuberwa akaketi kwenye ngazi.

"Basi rudi kazini," akasema. "Na uongeze sauti kidogo."