Mashine ya Mnunuzi Ilijua Maneno ya Mama

Jamani, mimi nimebishana bei na kompyuta, ikanijibu kwa maneno ya mama yangu mzazi.

Naitwa Ghizlan, wa Fes, Moroko. Nilitengeneza programu ya kuuza mazulia ya wafumaji wetu. Mnunuzi analeta programu yake, yangu inapatana nayo bei, binadamu hagusi kitu.

Yangu ilikuwa moto wa kuotea mbali. Niliifundisha kwa kumrekodi mama, ambaye ameuza mazulia maisha yake yote. Anakataa, analalamika, halafu anakunja zulia anaaga. Mteja akiona hivyo anapandisha bei mwenyewe.

Siku hiyo tulikuwa tunauza mzigo wa msimu mzima kwa hoteli moja ya Casablanca. Wafumaji walikuwa wanasubiri hela hiyo tu.

Programu yangu ikakataa. Ikalalamika. Ikaandika, "Nakunja zulia langu, kwaheri."

Ya mnunuzi ikajibu, "Nenda taratibu mwanangu, usije ukajikwaa."

Hivyo ndivyo mama anavyowaambia wateja wanaojifanya wanaondoka!

Haikuongeza hata dirhamu moja. Yangu ikarudi yenyewe, ikashuka, ikashuka, mpaka bei ya chini kabisa niliyoiruhusu. Kwa bei ile mfumaji anarudisha gharama ya sufu tu, jasho lake bure.

Nikamvaa Anwar, mwenzangu wa kazi.

"Umewauzia programu yetu!"

"Wallahi Ghizlan, sijagusa kitu."

"Toka, mnafiki mkubwa!"

Akachukua koti lake akaondoka.

Ijumaa nikaenda kula kuskusi kwa mama. Nikamwambia tumeuzwa na Anwar. Akanisogezea kipande cha nyama.

"Muache Anwar wa watu. Wale wa hoteli walikuja kwangu."

"Mama! Wakakulipa?"

"Wamenipa kazi. Nina kiti changu, chai inaletwa, wananiuliza kwa heshima, 'Lalla Yamna, hapa tufanyeje?' Nikawaambia mtu akiwakunjia zulia wamwambie aende taratibu, wasiongeze kitu, atarudi."

"Mimi si mwanao?"

"Mwanangu aliniambia nikapumzike, mashine imeshajua kila kitu. Nimepumzika mpaka nimechoka."

Damu ikanichemka. "Na wafumaji wetu, akina Tuda, waliofuma usiku na mchana, Mama? Wao walikukosea nini?"

Hapo akaacha kula. Machozi yakamlengalenga.

"Sikujua utashuka mpaka pale. Mimi nisingeshuka. Bei ikifika pale, naondoka kweli, sirudi."

Nikainuka na sahani yangu haijaisha. Sikumuaga.

Mpaka leo roho inaniuma. Mama bado anakwenda kazini kwao kila asubuhi, na Anwar hapokei simu zangu.

Somo langu ni hili, ndugu zangu. Ujuzi wa mtu unaweza kuuingiza kwenye mashine, lakini mwenyewe anabaki nao, na atampa yeyote atakayemwita kazini. Mimi wa kwangu aliitwa na wapinzani wangu, akaenda.