Maombi Sitini na Matatu

Pale hospitalini walimwita Fundi, na jina likamkaa mpaka mkewe naye akalizoea. Kwa miaka tisa alitunza tovuti ya hospitali katika kichumba kilichobanwa kati ya stoo ya mashuka na chumba cha jenereta. Ukutani alibandika masharti yake: uliza nini kilibadilishwa mwisho, jaribu kwa simu nyingine, soma kumbukumbu za seva, usiguse kitu kabla ya kutoa nakala. Masharti mazuri, sikatai. Ubaya ni kwamba aliyatumia kuwabana wenzake kama askari aliyekamata mwizi. Daktari akilalamika kwamba ukurasa haufunguki, Fundi hata hageuzi kichwa: "Umegusa nini?"

Kaka yake mkubwa alikuwa dereva wa lori mpaka kampuni ilipofungwa. Miezi minane alikaa nyumbani akipiga pasi mashati yasiyokuwa na pa kwenda. Hospitali ilipotangaza nafasi ya dereva wa gari la wagonjwa, maombi kwa fomu ya tovuti tu, alijaza kwa simu, kwa kidole kimoja, jioni nzima. Alituma mara mbili ili awe na uhakika. Wiki moja baadaye ofisi ya ajira ikamwambia jina lake halipo.

Jumapili, wakila kwa Fundi, akauliza kwa upole, "Mdogo wangu, haiwezekani kuna kitu kimekwama huko kwenu?"

"Fomu nimeitengeneza mwenyewe mwezi huu huu, kaka. Nzima kabisa. Utakuwa umebonyeza ovyo."

"Iliandika asante, tumepokea."

"Basi uliota. Nyie watu wa malori mna haraka, hamsomi maelekezo."

Meza nzima ikacheka, watoto wa kaka wakiwemo. Kaka naye akajichekesha, maana angefanyaje?

Siku kumi baadaye mama wa ofisi ya ajira akaja kichumbani, miwani mkononi.

"Fundi, tangu tarehe tano sijapata ombi hata moja. Dereva tumempata katika wale wachache wa mwanzo, ameanza jana. Lakini wauguzi nao hawaombi kazi?"

"Umegusa nini?"

"Nikaguse nini mimi, jamani?"

Akafungua kumbukumbu za seva. Barua pepe zote za maombi zilikuwa zimetoka, tena salama. Zilikwenda wapi? Akasoma anwani, akairudia. Ilikuwa anwani yake mwenyewe ya majaribio. Tarehe tano alikuwa akirekebisha fomu ili ipokee viambatisho, akaelekeza barua kwake asimsumbue mama wa watu kwa takataka za kujaribia. Kazi ilipokwisha, hakurudisha anwani ya ofisi. Mtu wa kuuliza nini kilibadilishwa mwisho hakuwahi kujiuliza mwenyewe.

Sandukuni, ambamo hakuwa amechungulia tangu siku ile, mlikuwa na maombi sitini na matatu. Matatu yalikuwa ya kaka yake. La tatu lilitumwa Jumapili ile ile, saa moja baada ya chakula, na chini yake kulikuwa na maneno: "Samahani kwa usumbufu, natuma tena. Mdogo wangu ni fundi wenu, ameniambia sikujaza vizuri."

Aibu ilimchoma. Lakini mama wa ajira alikuwa amesimama mgongoni pake, naye Fundi akaifunga barua haraka, akarudisha anwani ya ofisi, akasema, "Seva ilikuwa na hitilafu. Imekwisha."

"Wewe kiboko!" akasema mama yule, akaenda zake kwa furaha.

Mchana kaka akapiga simu.

"Mdogo wangu, nasikia wamempata mtu. Basi tena. Kosa langu, na hivi vidole vyangu. Usije ukagombana na wakubwa zako kwa ajili yangu."

Fundi alikuwa na nafasi ya kusema. Kichumbani hakukuwa na mtu.

"Ndiyo hivyo, kaka," akajibu. "Siku nyingine uwe unaniita nikujazie."