Mwalimu Pumzi na Karatasi ya Nukta

Wanafunzi walimwita Mwalimu Pumzi, kwa sababu katika miaka ishirini na mitatu ya kufundisha elimu ya viungo hakuwahi kumaliza kipindi bila kupaza sauti uwanjani, "Pumzi! Pumzi kwanza, maneno baadaye!" Usichanani alikuwa mkimbiaji wa mita mia nane, mpaka goti la kushoto lilipomsaliti. Sasa alitembea akichechemea kidogo, suruali ya michezo imefifia magotini, firimbi shingoni.

Shuleni somo lake halikuhesabiwa kuwa somo. Mwalimu wa hesabu akizidiwa na mada, alijichukulia kipindi cha michezo. Mtihani ukikaribia, kipindi cha michezo ndicho kilichofutwa kwanza ubaoni. Meza yake kwenye ofisi ya walimu ilibanwa kati ya kabati la chaki na kapu la mipira iliyoishiwa upepo, na kila aliyetaka chaki alimruka miguu. Hakulalamika. Alishazoea.

Mwaka huo ukaja muhtasari mpya. Mwalimu wa taaluma, mwanamume mwembamba aliyefunga tai hata siku za joto la kuchoma, alimwita mezani kwake.

"Kuanzia muhula huu hupimi mbio na kuruka tu," alimwambia. "Baada ya kazi ya kikundi, kila mwanafunzi aandike kikundi chake kilivyofanya kazi. Unampa alama, juu ya kumi."

"Alama za kitu gani? Za kucheza au za kuandika?"

"Za kufikiria walivyocheza."

Mwalimu Pumzi akacheka. "Mbio nina saa ya kuzipimia. Kufikiria nitakupimia kwa rula?"

"Hilo utajua mwenyewe. Mimi nataka alama."

Basi akaanza na kidato cha pili, wanafunzi arobaini na wawili, vikundi saba vya watu sita sita. Kila kikundi alikipa mikeka mitatu. Kazi ilikuwa moja: wote sita wavuke uwanja kutoka mstari hadi mstari bila mguu kugusa ardhi. Ukitazama kwa mbali ni mchezo wa watoto. Ukiwa ndani yake, watu sita mmesongamana juu ya mikeka miwili, wa tatu unapitishwa mkono kwa mkono kwenda mbele, na kila mtu ana wazo lake.

Karatasi za kwanza zilimchekesha mpaka machozi. Arobaini na mbili zote ziliandikwa kitu kimoja: tulishirikiana vizuri sana. Hata kikundi kilichorushiana viatu kilishirikiana vizuri sana. Mmoja alinakili kwa rafiki yake mpaka jina.

Siku iliyofuata akawaandikia maswali matatu ubaoni: Nani alisikilizwa? Nani hakusikilizwa, na ulijuaje? Wewe ulifanya nini?

"Na atakayeniandikia 'tulishirikiana vizuri'," akaongeza, "nampa sifuri, hata kama ni kweli."

Jumamosi asubuhi akakaa sebuleni na bunda la karatasi. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na sebule hiyo hiyo ndiyo ilikuwa kiwanda chake: vitambaa juu ya kochi, pini kwenye zulia, mkanda wa kupimia shingoni kama firimbi ya mkewe. Karatasi hizi zilikuwa na uhai kidogo. Huyu kamlaumu yule, yule kamlaumu mkeka. Alisahihisha huku akinywa chai, mpaka akaifikia ya Nukta.

Nukta walimwita hivyo kwa udogo wake. Alikuwa msichana wa dawati la nyuma ambaye walimu wengine wangeapa hawajawahi kusikia sauti yake. Mwandiko ulikuwa umelala, sarufi imepinda, na kwa jina lote hilo, karatasi nzima haikuwa na nukta hata moja. Mwalimu Pumzi aliisoma mara moja, akaweka kikombe chini, akaisoma tena.

"Baba Pacha, zima mashine kidogo. Sikiliza huyu mtoto."

Cherehani ikanyamaza. Akasoma kwa sauti:

"'Kikundi chetu kina viongozi wawili mmoja anaongoza kwa mdomo ni Jenerali na mwingine anaongoza kwa macho ni Mrefu kila Jenerali akitaka kutoa amri kwanza anamtazama Mrefu usoni Mrefu akikunja uso Jenerali anabadilisha lakini Jenerali hajui kama anatazama na Mrefu hajui kama anatazamwa na tukikaribia kuelewana mwalimu anapuliza firimbi anatuambia la kufanya kwa hiyo bado hatujajua kama tunaweza'."

Mumewe akatoa pini mdomoni. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Na hayo ni kweli?"

"Sijui," alisema. "Nilikuwa pale pale, Baba Pacha. Sikuona kitu."

Jumatatu aliivua firimbi, akaitia mfukoni, akakaa kwenye benchi karibu na kikundi cha Nukta. Jenerali, binti mwenye mabega mapana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alinyoosha mkono. Kabla hajafungua mdomo, macho yake yakaruka upande, yakatua kwenye uso wa Mrefu, yakarudi. "Kushoto!" akaamrisha. Mwalimu Pumzi akasogea mbele kwenye benchi. Akatazama tena. Mara ya pili. Mara ya nne. Mrefu alikunja uso kwa sababu ya jua tu, na Jenerali akameza amri yake, akatoa nyingine. Watu watano walikuwa wakienda kulia na kushoto kwa kufuata uso wa mtu asiyejua kuwa ana usukani.

Miaka ishirini na mitatu uwanjani. Alijiuliza ni nyuso ngapi zilimpita hivyo, mbele ya macho yake, huku yeye anahesabu hatua.

Firimbi nayo ilimsumbua. Mkono uliingia mfukoni wenyewe mara tatu, akautoa. Walibishana mpaka akauma mdomo. Hawakuvuka siku hiyo, ila kwa mara ya kwanza hakuna aliyegeuka kumtazama yeye.

Mwalimu wa taaluma aliichukua karatasi ya Nukta, akaitazama kwa umbali wa mkono. "Hii ni nne. Sentensi moja, ukurasa mzima!"

"Lugha yake ipime wewe kwenye kipindi cha lugha. Mimi umeniambia nipime kufikiria. Njoo uwanjani kesho."

Akaja kweli, na tai yake. Alisimama dakika kumi kando ya benchi, kisha akasema polepole, "Ala! Anamtazama kweli." Akarudi ofisini.

Mwalimu Pumzi akaandika nane. Kesho yake, wanafunzi wanatoka, Nukta akabaki mlangoni mwa stoo ya michezo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuuliza hizo mbili zimekwenda wapi."

Nukta akatikisa kichwa kukubali.

"Swali la tatu hukulijibu. Umewaandika wote, mpaka mimi. Wewe ulifanya nini?"

"Nilikuwa natazama tu."

"Na ulichokiona ulimwambia nani?"

Msichana akafikiri. "Nimekwambia wewe, mwalimu."

Mwalimu Pumzi akageuka, akapanga koni ambazo zilikuwa zimepangika tayari. "Basi," alisema mwishowe, "mimi simo kwenye kikundi chenu."

Hakujua maneno yale yangefika wapi. Wiki iliyofuata kikundi kile kiliharibika kabisa. Nukta alikuwa amewaambia, na sasa wote walimkodolea Mrefu macho kama wanasoma ubao, Mrefu akacheka, wakaporomoka rundo moja. Siku ya pili wakaanguka tena. Siku ya tatu Jenerali alinyoosha mkono, akaushusha, kisha akauliza, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza: "Mnaonaje?" Nukta akajibu. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko walivyodhani. Wakavuka wa mwisho, vikundi vingine vimeshakaa kivulini, na hakuna aliyeshangilia. Walikaa chini pale pale ng'ambo ya mstari, wanapumua, wanatazamana.

Jumamosi ile Mwalimu Pumzi alianza na karatasi ya Mrefu. Ilikuwa na mistari miwili.

"Sikujua kuwa uso wangu unasema. Sasa nauchunga, maana kuna watu wanaufuata."

Akampelekea mumewe kwenye cherehani, naye akaisoma akiwa ameinua mguu kutoka kwenye kanyagio.

"Hii utaipa ngapi, Mama Pacha?"

"Usiniharakishe," alisema. "Acha kwanza nimalize kushangaa."