Siku Papa Alipozama Kwenye Theluji

Papa, baba yetu, alikuwa anakaribia miaka sabini alipovaa ski, mbao za kutelezea kwenye theluji, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Hakuna aliyemlazimisha. Kama angetaka angebaki ndani karibu na moto, akatutazama kwa dirisha kama alivyofanya siku zilizotangulia, na hakuna ambaye angemlaumu.

Tulikuwa tumekwenda kumtembelea kaka yangu, ambaye miaka mingi alikuwa anaishi Ulaya, kwenye mji mdogo wa milimani ambako watu wanaongea Kifaransa. Yeye ndiye aliyetuma tikiti: ya Maman, yangu, na ya Papa. Ya Papa aliituma bila kumuuliza, kwa sababu wakati ule wawili hawa walikuwa hawasemeshani.

Chanzo chake kilikuwa mazishi. Kaka aliondoka Cyangugu, mji wetu wa Rwanda kando ya ziwa, akiwa kijana, akaenda kusomea udaktari, na Papa akamtangaza kila mahali: kanisani, kwenye gati la mashua, kwenye mashamba ya chai ya Giheke alikokuwa msimamizi wa wachumaji. Halafu bibi yetu, mama yake Papa, akafariki kule Rwimbogo. Yeye ndiye aliyemlea kaka tulipokuwa bado Congo, alimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mtoto wake wa kuzaa. Papa alingoja. Alisogeza mazishi, akasogeza tena, mpaka wazee wa familia wakamwambia inatosha. Kaka hakuja, wala hakutoa sababu inayoeleweka. Tangu siku hiyo simu ya kaka ikilia, Papa alikuwa anampa Maman simu, anatoka nje kuangalia ziwa.

Tikiti zilipofika alisema, "Mimi niende kule kufanya nini?"

"Kuona mutoto yako," Maman akajibu.

"Njia ya kurudia nyumbani anaijuwa."

"Sawa. Baki na mbuzi zako. Mimi nitaenda na mutoto yangu mwanamuke."

Wiki ile ile nilimkuta Papa kwa fundi wa nguo Kamembe, anapanuliwa koti la suti. Aliponiona alisema kwamba mizigo ya Maman ni mizito, lazima awepo mwanaume wa kuibeba. Nami nikasema ndiyo, Papa, ni mizito kweli. Na ilikuwa mizito. Maman alipakia unga wa muhogo, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizokaushwa, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kana kwamba tunakwenda nchi yenye njaa.

Kaka alikuja kutupokea uwanja wa ndege. Alimkumbatia Maman mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Alipofika kwa Papa akasimama, akanyoosha mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, kama mtoto anavyosalimia mzee.

"Mumefika, Papa?"

"Tumefika."

Basi. Njia nzima ya kupanda milimani, Papa alikaa mbele na kaka akaendesha, kila mmoja anatazama barabara.

Nyumba aliyokuwa amepanga kwa ajili ya likizo yetu ilikuwa ya mbao, ndogo, na paa lake lilikuwa limeinama kwa uzito wa theluji. Kesho yake akafika rafiki yangu wa Bukavu, tuliyesoma naye darasa moja kabla familia yetu haijarudi Rwanda. Anauza vitenge, na nyumbani tulikuwa tunaonana karibu kila wiki, yeye akivuka daraja la mpakani la Rusizi au mimi. Alikuwa amekuja kumtembelea dada yake Ubelgiji, nikamwambia apande treni aje tukae pamoja. Alishuka na viatu vyenye visigino. Nashukuru Mungu alikuja, kwa sababu bila yeye nyumba ile ingekuwa kimya kama kanisa Jumatatu.

Theluji ilianguka bila kupumzika. Nilikuwa nimeiona kwenye picha, nikadhani ni kitu kigumu, kama barafu ya friji. Ile haikuwa hivyo. Ilikuwa nyepesi, kavu, ukiipuliza inaruka. Rafiki yangu aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akautazama.

"Hee! Iyi ni unga ya muhogo! Maman, kuya na chekeche!"

Maman alichungulia mlangoni, akasema atakuja siku ile watakapopata moto wa kuichoma, akafunga mlango.

Jirani wa nyumba ile, mzee wa Kizungu mwenye mvi, mzaliwa wa pale, alituazima ski za watoto wake ambao walishakua wakahama. Ni mbao mbili nyembamba, ndefu kukupita, na viatu vyake ni vigumu kama vya chuma. Ukivivaa unatembea kama bata. Alitufundisha kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba. Mimi nilianguka mbele, nyuma na ubavuni. Rafiki yangu alikuwa anaanza kupiga kelele kabla hajaanza kuteleza, na akianguka anacheka mpaka anashindwa kupumua. Kaka alikuwa anatuinua mmoja mmoja, naye anacheka, na mara kwa mara nilimwona anatupa jicho kwenye dirisha. Papa alikuwa nyuma ya kioo, na kikombe chake cha chai mkononi.

Asubuhi moja mvua ile ya theluji ikakatika. Jua likatoka, na mteremko wote juu ya nyumba, ambao jirani alisema kiangazi ni malisho ya ng'ombe, ulikuwa mweupe, haujakanyagwa hata na ndege. Tukiwa tunafunga viatu, Papa akatokea amevaa jaketi kubwa juu ya koti la suti.

"Na mimi munipe," akasema.

Maman akaweka chini mwiko. "Unataka kufa?"

"Miguu yangu imepanda milima yote ya Giheke. Iyi ni mulima tu."

Kaka alipiga magoti, akamvalisha viatu, akavifunga. Papa alitazama juu ya kichwa chake, ukutani.

Tukapanda taratibu mpaka katikati ya mteremko. Theluji ilikuwa inafika magotini, na sehemu nyingine mapajani. Jirani alitueleza kwamba kwenye theluji nene hivi usiogope kwenda, hatari ni kusimama ghafla. Weka mbao zako pamoja, kaa legelege. Papa alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa yote. Halafu, kabla jirani hajamaliza maelezo yake, akaenda.

Bado namwona. Alikwenda wima, amenyooka kama anabeba mtungi kichwani, mikono pembeni, hakupinda kushoto wala kulia. Vumbi jeupe lilikuwa linaruka pande zote mbili za miguu yake. Rafiki yangu akapiga vigelegele, "Papa eeeh! Papaaa!" Kwa kitambo kidogo alikuwa hodari kuliko sisi wote. Kisha akafika mahali palipobonyea, wingu likapanda, na Papa hakuwepo tena.

Kaka hakungoja. Alijitupa chini moja kwa moja, na kwa kuwa alikuwa amesahau kila kitu alichofundishwa, alianguka hatua chache kabla ya kumfikia, akamalizia kwa kutambaa. Jirani akazunguka kwa upande wenye theluji ngumu. Mimi nilivua ski zangu, nikashuka kwa makalio, nikazama mpaka kiunoni nyuma ya tuta, karibu nao kabisa. Nilisikia sauti ya Papa, nikajua ni mzima. Nilitaka kuita. Lakini maneno niliyoyasikia yalinizuia.

"Umevunjika, Papa?"

"Apana. Mbao moja imepotea."

"Acha mbao. Nipe mukono."

Wakajaribu. Papa akiweka mkono chini ajisukume, mkono unazama. Kaka akimvuta, naye anazama. Walijaribu tena, wakaangukiana. Niliinua kichwa nikawaona wamelala, kaka kifudifudi na Papa kichalichali, weupe kama wamejipaka chokaa, na Papa anahema. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Miaka mingi sikuwa nimekisikia kile kicheko chake cha kifuani, na kaka akaanza naye, mwanzoni kwa woga.

Kicheko kikaisha. Theluji nene inameza sauti zote, hata pumzi ya mtu unaisikia. Papa akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza habari za shamba:

"Juu ya nini haukukuyaka kuzika mama yangu?"

Kaka akajifuta theluji usoni.

"Sikukuwaka na ba-papier, Papa. Nilikuwa huku bila ruhusa. Kama ningetoka, habangeniacha nirudie."

"Na masomo?"

"Masomo niliacha zamani. Nilishindwa mutihani, na bourse ya kunilipia masomo ikakatwa."

"Sasa unafanyaka nini?"

"Nasafisha bazee. Kwenye nyumba ya kutunza bazee. Nabaogesha, nabalisha, nabageuza kwa kitanda. Sasa niko na papier, Papa, iko mwaka moja tu."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa unaambia bantu bote mutoto yako ni docteur. Nilisikia haya."

Niliuma glavu yangu nisitoe sauti. Papa alikuwa amelala anatazama mbingu, na mbingu ya kule, theluji ikikatika, ni ya buluu hata inaumiza macho. Nilikuwa nangoja alipuke, maana Papa alikuwa mtu wa kulipuka. Hatimaye akasema:

"Alikuitaka. Siku za mwisho. Nilimuambia uko njiani."

Kaka akaanza kulia, waziwazi, kama mtoto. Papa akapapasa kwenye theluji mpaka akakipata kichwa chake, akaacha mkono wake pale, juu ya kofia ya sufu.

Baada ya muda akauliza, "Na bale bazee. Banakupenda?"

"Bamoja."

"Na bengine?"

"Bengine banatukana. Kuko moja ananirushiaka kijiko."

"Kama mama yangu," Papa akasema, na wakacheka tena, pua zinavuja.

Jirani alipofika aliwaonyesha namna ya kuzipanga fimbo za ski msalaba juu ya theluji, mtu ajisukume juu yake asizame. Nami nikajifanya ndiyo kwanza nafika. Rafiki yangu akatelemka mwisho kwa kuviringika, theluji imemjaa mpaka masikioni. Wote tukaanza kutafuta ski iliyopotea, tunachoma theluji kwa fimbo, tunachimba kwa mikono. Papa na kaka walichimba bega kwa bega. Ilipatikana mbali kabisa, chini ya pale tulipokuwa tunaapa kwamba ndipo ilipo.

Maman alikuwa amesimama mlangoni, kitenge amejifunika juu ya koti.

"Mulikuwa wapi? Bugari imepoa."

"Tulikuwa tunazungumuza," Papa akasema.

Maman alimtazama Papa, akamtazama kaka na macho yake mekundu, akanitazama mimi. Akarudi ndani kusonga bugari nyingine, na nikamsikia anaimba wimbo wa kanisani, sauti inapanda na kukatika.

Mchana ule jirani alikula nasi. Sambaza alizikubali, sombe akaomba tena. Baada ya chakula Papa akamwambia kaka amwonyeshe jinsi anavyomwinua mtu asiyejiweza kutoka kitandani. Kaka akadhani ni mzaha. Lakini Papa alijilaza kwenye kiti kirefu, akalegeza mwili, akafumba macho. Kaka akamwekea mkono nyuma ya mabega, mwingine chini ya magoti, akamkunja taratibu, na Papa akaketi wima bila kutumia nguvu yake hata kidogo. "Rudia," akasema. Kaka akarudia. "Muliona?" Papa akatuambia. "Iko na ufundi yake."

Tuliporudi nyumbani, Jumapili ya kwanza baada ya misa, nilimsikia akiwaeleza wenzake nje ya kanisa kwamba kijana wake anatunza wazee kule Ulaya, wazee wenye akili na wasio na akili. Hakutaja udaktari. Mmoja alipotaka kuuliza, Papa akaanza kumsimulia theluji.

Sasa Papa hayupo. Magoti yalimchosha kwanza, moyo ukafuata. Simu za kaka za Jumapili alikuwa anazipokea mwenyewe mpaka mwisho, na walikuwa wanaongea mambo madogo madogo: bei ya majani ya chai, mbuzi aliyezaa, yule mzee wa kijiko. Rafiki yangu na mimi hatuonani tena kila wiki kama zamani. Tunatumiana sauti kwenye simu, na mara nyingine ananitumia kelele tu, ile kelele yake ya kabla ya kuteleza, nami naielewa.

Nikikumbuka safari ile, mara nyingi nakumbuka siku ya mwisho. Mizigo ilikuwa imefungwa. Jirani alileta kigari cha mbao kisicho na magurudumu, ambacho watoto wa kule wanatelezea, na rafiki yangu akamzunguka Maman, akimbembeleza, akimtania, mpaka Maman akasema sawa, ila akifa, tumpeleke azikwe Cyangugu, asibaki kwenye baridi. Akakaa mbele, rafiki yangu nyuma yake amemshika kiuno. Papa na kaka ndio waliokivuta kwa kamba mpaka juu, wanabishana nani anavuta zaidi.

Walisukumwa. Maman hakupiga kelele. Alishuka mteremko wote kinywa wazi, kitenge kinapepea, macho makubwa, na kule chini kigari kikapinduka wakamwagika wote wawili. Tukakimbia, tunazama, tunaitana. Tulimkuta ameketi, theluji kwenye nyusi, anatafuta kiatu kimoja.

"Nani anavuta?" akauliza. "Nirudie juu."

Akarudi juu. Alirudi mara nyingi, mpaka Papa akakaa chini na kusema amechoka, na jirani, aliyekuwa atupeleke stesheni, akaanza kupiga honi ya gari lake kwa sababu treni haitungoji.