Chambo cha Mpira

Mume wangu alipofariki, mdogo wake alianza kunipeleka bwawani kuvua kila Jumamosi. Alikuwa mlinzi kwenye ghala moja mtaa wa Jeppestown, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko. Nadhani watu wa kanisa ndio waliomtuma, maana nilikuwa nimeacha kuzungumza. Sikuwa nalia. Nilifungua saluni, nikasuka vichwa vya watu, nikarudi kwenye vyumba vyetu mtaa wa La Rochelle, nikapika, nikalala. Wateja walinisifu kwa kujikaza. Niliitikia tu.

Nilikulia Uvira, kando ya ziwa, lakini kwetu samaki alikuwa kitu cha kununua sokoni. Mvuvi alikuwa mume wangu, na hata yeye alijifunzia huku ugenini. Alichimba nyungunyungu nyuma ya nyumba, kwenye udongo wenye unyevu karibu na bomba, akawaweka ndani ya kopo la majarini lililotobolewa mfuniko. Kopo lilikaa chini ya sinki, na baada ya mazishi hakuna aliyeligusa. Shemeji alipolifungua, wote walikuwa wamekauka kama kamba za viatu. Akawamwaga, akaenda kuchimba wengine.

"Twende, shemeji," alisema. "Utakaa tu. Hakuna atakayekulazimisha kitu."

Mara ya kwanza nilikaa tu. Jumamosi iliyofuata akanipa fimbo ya marehemu, akaniwekea nyungunyungu mkononi. Alijikunja kati ya vidole vyangu akitafuta pa kupita. Nilijua namna ya kumtunga kwenye ndoano, nilikuwa nimemwona mume wangu akifanya hivyo mara nyingi, lakini mkono ulikataa. Sikumhurumia, wala sikuona kinyaa. Nilimtazama akihangaika, nikafikiri: huyu bado anataka kuishi. Nikamrudisha koponi.

"Ni nyungunyungu tu, shemeji."

"Najua."

"Eish. Sasa utavua na nini?"

Nilimwambia sivui.

Karibu yetu, kwenye kiti cha kukunja, alikuwepo mama mmoja wa Tanga. Alikuwa na kiduka cha spaza mtaa wa Diepsloot, na Jumamosi alimwachia mkwewe duka ili aje kuvua. Alikuwa amevaa baibui, na juu yake koti zito la kiume, maana upepo wa mwisho wa baridi ulikuwa bado mkali na nyasi zote zilikuwa za manjano. Aliposikia Kiswahili chetu aligeuka.

"Hebu njoo, mwanangu," aliniambia.

Akatoa mfuko mdogo wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na vitu laini vya mpira, vya rangi ya majani mabichi, virefu kama kidole, na mkia mwembamba uliotetemeka ukivigusa. Vilinukia kama pipi. Akatunga kimoja kwenye ndoano yenye kichwa cha madini ya risasi, taratibu, kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano.

Shemeji alicheka. "Mama, samaki si mtoto wa kudanganya na plastiki."

"Wewe vua na wako," alimjibu, kisha akanigeukia mimi. "Yule mzima ukimtupa majini anajitikisa mwenyewe, wewe unakaa zako. Hiki ukikiacha, kimelala. Kwa hiyo kiache kizame mpaka kiguse chini. Inua ncha ya fimbo kidogo. Kishushe. Ngoja. Usiwe na haraka."

"Sina haraka," nilisema.

Alinitazama usoni. Kisha akaifunga ndoano ile kwenye fimbo yangu.

Kazi ile ilinifaa. Inua, shusha, ngoja. Kupitia mshipi nilisikia mawe, matope, majani yaliyonasa, na nikiwa nasikiliza hayo sikuhitaji kusikiliza kingine. Jumamosi kadhaa zilipita hivyo, sikupata kitu. Kisha siku moja mshipi ukawa mzito. Haukushtuka, ulikuwa mzito tu, kama mtu aliyekushika nguo kwa nyuma.

"Vuta!" mama wa Tanga alipiga kelele.

Nilivuta. Shemeji alitupa fimbo yake, akaingia majini na viatu vyake, akamzoa samaki kwa wavu. Alikuwa wa kijani, mdomo mpana, anahema. Shemeji alimwinua juu akicheka, akasema, "Kaka angeona!" Halafu akakaa chini kwenye nyasi na kulia, yeye ambaye makaburini alisimama wima kama yuko lindoni. Nilimwekea mkono mgongoni kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Chini ya koti nilihisi mbavu zake zikipanda na kushuka. Ndani yangu hakukuwa na kitu.

"Mwache alie," mama wa Tanga aliniambia kwa sauti ya chini. "Na wewe usijilazimishe."

Jioni nilimpika yule samaki kwa nyanya na vitunguu. Binti yangu anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Aliuliza kama baba yake aliwahi kuvua mkubwa hivyo. Nikamwambia hapana. "Sharp," akasema, yaani sawa, akaendelea kula.

Bado tunakwenda. Shemeji sasa ana mfuko wake wa vyambo vya mpira, ingawa akikosa samaki huniambia kwamba nyungunyungu ni nyungunyungu. Nazungumza kiasi, zaidi kuhusu maji na ndoano. Machozi hayajaja, na siku hizi siyasubiri.

Jumamosi iliyopita samaki alikata mkia wa chambo changu akaenda zake. Mama wa Tanga alifungua mifuko yake yote ya vyambo juu ya kiti, akaniuliza nataka rangi gani.

Nilifikiri kidogo, nikamwambia zambarau.